Steringi Chini ya Shuka

Umoja wa Sanaa kwa Vijana ulikuwa na kila kitu ambacho kijana msanii angekiombea dua. Ulikuwa na ukumbi, taa za jukwaani, spika mbili zinazomfikia mtu mzima kiunoni, na maikrofoni moja ya maana ambayo Mwenyekiti alikwenda nayo kwake kila jioni imeviringishwa taulo, kama mtoto mchanga. Fulana nazo zilikuwepo, za rangi ya machungwa, zimeandikwa kifuani "Sauti ya Kijana". Kilichopungua kilikuwa kitu kidogo tu, hata kukitaja ni kujitafutia ugomvi: vijana.

Lakini tusiseme uongo. Vijana walikuwepo. Walikuwa wanafagia.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na miaka thelathini na nne. Mwaka jana alikuwa nayo hiyo hiyo, na mwaka juzi, na wazee wa mtaa wanasema alikuwa nayo tangu taa za barabarani hazijafika. Katiba ya Umoja inasema kijana mwisho wake ni thelathini na tano, na Mwenyekiti ni mtu wa kuheshimu katiba, kwa hiyo aliamua tu kutofika. Nywele alizipaka weusi ambao hata kiatu kipya hakina. Fulana ilimkaa vizuri mabegani, ila tumboni maandishi yalikuwa yamevutika yakawa mapana, hata mtu wa ng'ambo ya barabara aliweza kuisoma Sauti ya Kijana bila kukaza macho.

Chiriku alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake wa tumbo moja. Jina la Chiriku alimpa huyo huyo mjomba, maana alipokuwa mdogo domo lake halikuwa na likizo. Mama yake ni fundi cherehani, na dukani kwake kuna meza ndefu ya kukatia nguo. Mjomba alikuwa akimbeba mtoto, anamsimamisha juu ya meza ile katikati ya vitambaa, anamwambia, "Sema kwa sauti, mtoto. Watu wasikie." Na mtoto anasema. Anasimulia ndoto, anamwiga mteja anayebishania pindo, anahutubia vishikizo. Wateja walicheka mpaka wakasahau walichokuja kupima.

Sasa mtu akisikia hivyo atadhani mtoto wa namna hiyo akikua, akajiunga na kikundi ambacho mjomba wake ndiye mwenye maikrofoni, mambo yatamnyookea. Loo. Tangu ajiunge, Chiriku alikuwa amecheza nafasi moja tu. Anaingia na sinia, anasema, "Chai, baba," anatoka. Baadaye anarudi kuchukua vikombe, bila maneno.

Steringi, yaani shujaa wa mchezo, alikuwa Mwenyekiti, siku zote. Mchezo wao mkubwa uliitwa "Kijana Asiyeogopa", na kijana huyo asiyeogopa alihitaji kushikwa mkono kupanda ngazi za jukwaa. Mchumba wake alikuwa Katibu wa Umoja, mama mwenye wajukuu, ambaye akipiga goti kwenye onyesho la mapenzi lile goti linalia mpaka safu ya nyuma. Adui alikuwa Mhazini. Adui anampiga steringi risasi, steringi anayumba, anashika kifua, halafu anasimama wima na kuhutubia taifa. Ukimuuliza Mwenyekiti imekuwaje, anakujibu kwa upole, kama anamfundisha mtoto herufi: steringi hafi.

Basi bwana, siku moja ikaja habari. Chuo cha sanaa za maonyesho, kile cha mjini kati, kitamtuma mwalimu kuzungukia vikundi vyote vya vijana, na katika kila kikundi atachagua kijana mmoja akasome, kula na kulala juu ya chuo. Masharti yalikuwa mawili. Mchezo uwe mpya. Na mwalimu atachagua miongoni mwa wanaozungumza jukwaani.

Chiriku aliposikia sharti la pili, aliyahesabu maneno yake kwa vidole. Maneno mawili na sinia si kuzungumza. Na huko nyumbani mama yake alikuwa ameshamtafutia kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, ambalo liko chini kabisa ya ukumbi wa Umoja. Ukumbi wenyewe zamani ulikuwa ghala lao la saruji, na mpaka leo ukipiga mguu jukwaani vumbi la kijivu linanyanyuka kukusalimia. Mwezi ukiisha angeanza kupima misumari. Juu watu wanaigiza, chini yeye anapima misumari na kuwasikia wakitembea kichwani mwake. Aliona wazi kwamba kama si mara hii, ndiyo basi.

"Hii ni nafasi yetu sisi vijana," Mwenyekiti alisema kikaoni, na Katibu akaitikia kwa kichwa, na Mhazini akatafuta miwani yake ili aitikie vizuri. "Tatizo ni huo mchezo mpya. Kwani ule wetu una ubaya gani?"

"Ni mzuri, mjomba," Chiriku alisema. "Ila mwalimu anataka mpya."

"Hapa ofisini mimi si mjomba wako."

"Samahani, Mwenyekiti."

"Tutaubadilisha jina," Mwenyekiti akaamua, na kikao kikaisha kwa chai. Nadhani unajua nani aliileta.

Kesho yake mchana Chiriku alikuwa dukani kwa mama yake, anashona vishikizo kwa hasira. Kinyozi alikuwepo pia, kijana wa kiti cha pili katika saluni ya jirani, naye ni mwanachama wa Umoja mwenye cheo cha kuvuta pazia. Na kwenye benchi, chini ya dirisha, Mwenyekiti alikuwa amejinyoosha. Hiyo ndiyo desturi yake ya kila siku baada ya kula: anajilaza kwenye benchi la dada yake na kujifunika uso kwa kipande cha pazia, eti nzi.

Mazungumzo yakaanza. Mama akasimulia kisa cha mteja aliyekataa suruali yake mwenyewe. Kinyozi akasema ndoto yake si kuvuta pazia wala kunyoa, anataka kuwa mtu wa kuchekesha, akachekesha, na kweli wakacheka. Chiriku akasimulia mambo yake marefu, akayafikisha mwisho. Hapo ndipo sindano ikasimama hewani.

"Mama," akasema taratibu. "Umeona? Nimemaliza."

"Umemaliza nini, vishikizo?"

"Nimemaliza sentensi. Mjomba yupo humu humu, na mimi nimemaliza sentensi bila yeye kuidaka."

Wote watatu wakaligeukia benchi. Kile kipande cha pazia kilikuwa kinapanda na kushuka kwa amani kabisa. Mama akamtazama binti yake, akauliza, "Unawaza nini wewe? Uso huo siupendi."

"Nawaza mchezo mpya," Chiriku akasema.

Aliutunga kichwani kwa siku chache, akaujaribu na Kinyozi na wenzao wa fagio nyuma ya saluni, halafu akaomba nafasi kikaoni. Mwenyekiti alimkubalia kwa ule ukarimu wa mtu ambaye hana la kufanya.

"Mchezo unaitwaje?"

"Marehemu."

"Marehemu ni nani?"

"Ndiye steringi."

Katibu alikiweka chini kikombe. Mwenyekiti akavuta pumzi ndefu, akasema, "Binti, nimekulea mwenyewe. Steringi hafi."

"Hafi, Mwenyekiti. Hapo ndipo penye utamu. Pazia likifunguliwa ameshakufa. Hakuna mtu atakayemwona anakufa."

Mwenyekiti akalitafakari jambo hilo. Lilikuwa na mwanya wa kisheria ndani yake, na yeye aliipenda sana mianya ya kisheria, ndiyo iliyomweka kwenye thelathini na nne.

"Anaonekana kwa muda gani?"

"Mwanzo mpaka mwisho. Wengine wote wanaingia na kutoka. Asiyetoka ni yeye peke yake."

"Na taa?"

"Zote kwake."

"Watu wanamlilia?"

"Mpaka wanashikwa mikono."

Mwenyekiti alijiangalia kidogo kwenye kioo cha kabati. "Na maneno yake?"

Hapo Chiriku alikuwa amejiandaa. Alichukua kilemba cha ukoka kirefu kuliko vyote na kuanza kumvisha mjomba wake, zongo baada ya zongo. "Maneno ni ya wanaojifunza. Mimi nina maneno mawili, nimeyasema miaka yote hii, nani ananijua? Lakini kulala mbele ya ukumbi mzima, watu wasione hata kifua kinapanda, na bado wasiweze kuangalia pengine, hiyo siyo kazi ya kila mtu. Mimi siiwezi. Kinyozi haiwezi."

"Mimi hata dakika siifikishi," Kinyozi akadakia kutoka mlangoni. "Nina kikohozi."

"Kwa kweli hawa hawawezi," Mwenyekiti akamwambia Katibu.

"Na mimi je?" Katibu akauliza.

"Wewe ni mjane. Uchungu umekukaba mpaka sauti imekauka kabisa."

"Navaa nini?"

"Nyeusi, yenye lesi. Mama atakushonea."

"Mjane ana umri gani?"

"Ishirini na mbili."

"Hapo sawa," akasema Katibu.

Akabaki Mhazini, ambaye alizoea kuwa adui na aliingiwa na wasiwasi kwamba kwa marehemu hakuna wa kumpiga risasi. Chiriku akampa udaktari. Ni daktari bingwa, ana koti jeupe na mkoba, ameitwa kutoka mbali, lakini amechelewa. "Wewe unangoja nyuma ya pazia," akamwelekeza. "Mwisho wa mchezo binti atasema lake, ukumbi utanyamaza kimya. Ukikisikia tu hicho kimya, unaingia na kuuliza, mgonjwa yuko wapi?" Mhazini aliyarudia maneno yale mara kadhaa kwa sauti tofauti, akaridhika kwamba yana uzito.

Na hivyo ndivyo viongozi wote wa Umoja wa Sanaa kwa Vijana walivyopewa nafasi kubwa kubwa, na wale waliokuwa wakifagia wakabakiwa na kazi ndogo ya kuzungumza.

Kisa chenyewe kilikuwa chepesi. Baba amefariki, amelala kitandani sebuleni chini ya shuka jeupe. Watoto wake wanatakiwa wamchague mmoja wa kusema machache kwa niaba ya familia. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kusema. Maisha yao yote aliyesema kwa niaba ya familia ni baba. Aliwasemea shuleni, aliwasemea kwa wachumba, aliwasemea hata kwa daktari, akieleza yeye wanaumwa wapi. Sasa wanajaribu mmoja mmoja, na kila mmoja anakwama kwa namna yake. Wa mwisho ni binti ambaye kazi yake ilikuwa kuleta chai.

Mazoezi yalikwenda, kwa kadiri mazoezi yanavyoweza kwenda wakati maiti ana maoni. "Kinyozi, unakimbiza maneno," shuka lilisema. "Chiriku, sauti yako haijafika nyuma. Ivute kutoka tumboni, usiipige kooni." Na kilichomuudhi Chiriku ni kwamba shuka lilisema kweli. Aliivuta kutoka tumboni, ikafika. Mtu huyu alikuwa anaijua kazi. Ndiyo maana ilimuuma. Mjomba angekuwa mjinga tu, angemcheka na kulala usingizi wake.

Mwenyekiti naye aliifanyia bidii maiti yake. Alimtangazia kila aliyepita kwamba amepewa nafasi ngumu kuliko zote duniani. Siku moja mama Chiriku alikwenda kwake kumpelekea nguo, akamkuta sakafuni mikono kifuani, nusura aite majirani. "Niko kazini, dada," Mwenyekiti alimjibu bila kufungua macho.

Siku mbili kabla ya onyesho akamwita Chiriku pembeni. "Nimeota jambo," akasema. "Marehemu angekuwa na maneno machache ya kuaga. Machache tu."

"Mjomba. Umekufa."

"Nisamehe, najua. Lakini mtu wa hadhi ile."

"Ukizungumza wewe, mimi naishia kwenye misumari," Chiriku akamwambia. "Mwalimu akuone wewe tena? Uende chuo wewe? Naomba mara hii moja tu unyamaze."

Mwenyekiti aliivuta fulana yake ikanyooka tumboni. Kisha akaweka mkono juu ya Sauti ya Kijana, akaapa kwa heshima ya sanaa kwamba hatafungua mdomo. Chiriku aliondoka roho juu, maana aliwahi kumsikia akiapa hivyo hivyo kuhusu soda.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa, wengine walisimama ukutani na kutoka na saruji migongoni. Mwalimu wa chuo alikuwa mama mfupi mwenye begi kubwa, alikaa safu ya mbele na hakutabasamu alipopewa fulana. Akasema tu, "Asante, tuanze." Kinyozi alikuwa ameshamwachia mdogo wake kamba ya pazia. Ikavutwa.

Na ilikwenda vizuri, nakwambia. Mwenyekiti alilala kama gogo. Katibu alikaa kando yake na lesi yake, kimya, na ajabu ni kwamba kimya kilimpendeza. Watu wanasema hawakujua kama ana macho mazuri vile. Kinyozi alisimama kusema kwa niaba ya familia, akafungua mdomo, akaufunga, akamgeukia marehemu kumwomba ruhusa, na ukumbi ukavunjika mbavu. Wa pili akacheza, wakacheka tena. Kila kicheko kikipanda, kidole gumba cha mguu wa Mwenyekiti kilitingishika chini ya shuka. Chiriku alikiona. Kwa mtu aliyezoea vicheko kuwa vyake, kulala hapo akisikia vinakwenda kwa wengine ilikuwa ni mateso, na mateso yale yalianzia kwenye kidole gumba.

Ikaja zamu ya binti. Chiriku akaingia na sinia. Akaliweka mezani. Akageukia ukumbi, akavuta sauti kutoka tumboni.

"Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kwa vikombe," akaanza, na mwalimu wa chuo akainua uso. "Leo naomba niseme kwa..."

"Kwa niaba ya familia," likasema shuka, "napenda kuchukua nafasi hii."

Na Marehemu akakaa kitako.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga viti, mtu mmoja alitoka nje kwenda kuchekea huko. Mwenyekiti, mwenye unga usoni na pamba moja iliyobaki puani, aliupokea ule mlipuko kama mvua ya kwanza. Akanyoosha mkono, yale maneno ya Kijana Asiyeogopa yakamtoka yenyewe: "Mimi, kama kijana wa leo, nasimama mbele yenu." Kinyozi alishika kichwa. Katibu, mjane aliyekaukiwa sauti, akanong'ona, "Mungu wangu, amefufuka."

Chiriku alisimama pale na mikono mitupu. Alikiona chuo kinaondoka. Aliiona mizani ya dukani, na misumari inamiminwa. Hakuwa na hasira hata, alikuwa na uchungu, ule wa mtu kuporwa kitu na mtu anayempenda. Na kwa kuwa mchezo ulikuwa umeshakufa kuliko marehemu, akasema lile lililokuwa moyoni.

"Baba," akasema. "Umeshakufa."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akageuka, akakosa mstari wake. "Nani amesema?"

"Mimi. Nasema mimi." Hakuwa anapaza sauti sasa, na ilikuwa inafika nyuma bila taabu. "Nilipokuwa mdogo ulinisimamisha juu ya meza. Ukaniambia niseme kwa sauti, watu wasikie. Nikasema, na ukafurahi kuliko watu wote. Halafu sijui ilikuwaje. Ulipanda mezani mwenyewe, hujashuka mpaka leo. Mimi nimekuwa nikikuletea chai huko juu, baba. Ninachoka. Nakupenda, na ninachoka."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimtazama mpwa wake, na mkono wake wa hotuba ukabaki hewani hauna kazi. Mtu huyo alikuwa na jibu la kila jambo, tangu bei ya saruji mpaka maana ya sanaa, lakini hapo alifungua mdomo akaufunga, kama Kinyozi. Ule unga ulimfanya aonekane na umri wake wote. Kisha akaushusha mkono. Akajilaza taratibu, akalishika pindo la shuka mwenyewe, akajifunika mpaka juu ya kichwa.

Kimya kikaenea, hata dukani chini watu waliacha kupima. Na Mhazini, ambaye alikuwa amekaa nyuma ya pazia tangu mwanzo akikisubiri kimya hicho hicho, akajua zamu yake imefika. Akatoka mbio na koti jeupe na mkoba, akasimama katikati ya jukwaa mbele ya Chiriku, akauliza kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi tangu apewe udaktari, "Mgonjwa yuko wapi?"

Chiriku alifumba macho. Kuna watu hawana bahati na kuna yeye.

Ndipo kutoka chini ya shuka ikatoka sauti, ndogo, isiyo ya jukwaani kabisa. "Daktari, toka. Mtoto hajamaliza."

Mhazini akamtazama maiti, akautazama ukumbi, akatoka kinyumenyume na mkoba wake. Watu walitaka kucheka, lakini walimwona Chiriku, wakangoja. Akafuta uso kwa kiganja. Akasogea mbele ya sinia.

"Naomba niseme," akasema, "kwa niaba yangu mwenyewe."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mchezo. Pazia likafungwa, likakwama katikati kama kawaida yake, na watu wakasimama.

Mwalimu wa chuo alipanda jukwaani na begi lake. Alimpa Chiriku mkono na hakuuachia. "Pale marehemu anapoamka, umepaandika wewe?"

Chiriku aliangalia kitandani, ambako shuka lilikuwa bado limemfunika mtu na halikuwa na dalili ya kutoka. "Hapana, mwalimu. Pale alipaandika marehemu."

"Na pale anaporudi kulala?"

"Pale pia."

Mwalimu akatingisha kichwa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Muhula unaanza mwezi ujao. Njoo na nguo za mazoezi, sinia uliache." Akageukia kitanda. "Na huyu bwana ana umri gani?"

"Thelathini na nne," likajibu shuka.

Kuanzia kesho yake Mwenyekiti alieleza mtaa mzima kwamba yote yalipangwa. Kuamka kulipangwa, kulala kulipangwa, hata Mhazini kuingia vibaya kulikuwa ni ufundi wa hali ya juu ambao yeye binafsi aliusimamia. Waliokuwepo walimwitikia, maana mtu kama huyo ukimkatalia mtashinda hapo. Ila kuna jambo moja hakulitangaza, na Chiriku alilijua kwa Kinyozi: jioni ya onyesho Mwenyekiti aliondoka ukumbini mikono mitupu. Taulo lilibaki mezani, na maikrofoni ndani yake. Kinyozi alimkimbilia nayo barabarani kumrudishia, akaambiwa, "Kaeni nayo. Msiiangushe." Halafu akahutubiwa kwa nusu saa jinsi ya kuishika.

Siku ya kuondoka Chiriku alipita dukani kuaga. Mama alikuwa amemshonea suruali mbili za mazoezi na analia juu ya ya tatu. Mjomba alikuwa kwenye benchi lake, amejinyoosha, kipande cha pazia usoni.

"Mjomba, nakwenda."

"Marehemu haongei," pazia likajibu.

Chiriku akaketi ukingoni mwa benchi. Kile kipande cha pazia kilikuwa kimelowa sehemu mbili, usawa wa macho, na wala hapakuwa na nzi. Hakukigusa. Ng'ambo ya barabara, kutoka dirishani mwa ukumbi, ikasikika spika ikikoroma, kisha sauti ya msichana, mwanachama mdogo aliyerithi sinia la Chiriku, akiijaribu maikrofoni: moja, mbili, moja, mbili, halafu akaanza kusimulia ndoto aliyoota.

Wakamsikiliza. Mjomba akajigeuza kidogo kwenye benchi.

"Huyo anaongelea puani," akasema.

"Mjomba."

"Haya, nimenyamaza."

Na akanyamaza kweli, kama dakika nzima hivi.